WAENDE, LAKINI KWA MAANDISHI

Mhariri aliniomba niandike maoni yangu juu ya jambo lolote linalohusu maisha yetu ya shule. Wengine wameandika juu ya nidhamu, wengine juu ya mazingira. Mimi nimechagua jambo ambalo kila mtu hapa analizungumza lakini hakuna anayeliandika: shule kubwa za bweni kuja huku kwetu Kanyangi na kutuchukulia wachezaji wa kandanda.

Tusidanganyane. Mechi za muhula wa pili zikikaribia, wakati wa chakula cha mchana hakuna anayezungumzia logarithi. Mtu ana sahani ya muthokoi mkononi na maswali ni yale yale. Nani ameondoka? Nani amebaki? Golikipa wa Kisasi siku hizi anachezea nani? Tukipangwa na watu wa Kwa Vonza, ni nani atamkaba yule namba tisa wao? Kuna kijana wa darasa langu anayejua vikosi vya shule kumi kwa majina na miguu, huyu anatumia kulia, yule kushoto, lakini ukimwuliza elementi kumi za kwanza anaanza kukohoa. Mwalimu wa Kemia asiniulize jina lake.

Katika mazungumzo hayo kuna makundi mawili. Kundi la kwanza linasema huo ni wizi mtupu. Sisi tunalima, tunapalilia, halafu mwenye gari anakuja kuvuna. Kundi la pili linasema mwenye nguvu mpishe, aliye na kipaji aende zake, kwani hapa kuna nini? Mimi naona kila kundi limeshika nusu ya ukweli na kuitupa nusu nyingine. Naomba mnisikilize hadi mwisho.

Kwanza tuelewe kwa nini wanakuja. Mashindano ya shule za sekondari nchini huanzia kwenye zoni, yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo, na mwisho taifa. Eneo letu la Mashariki lina kaunti nane: Kitui, Makueni, Machakos, Embu, Meru, Tharaka Nithi, Isiolo na Marsabit. Shule zote za wavulana katika kaunti hizo nane zinatafuta bingwa mmoja wa soka. Ukifika kitaifa unakutana na majina yanayotajwa redioni miaka nenda miaka rudi, kama St. Anthony's ya Kitale, Kakamega School na Musingu. Ukifanya vizuri huko, unaingia mashindano ya Afrika Mashariki yaitwayo FEASSSA, ambayo mwaka 2025 yalifanyiwa Kakamega. Huko nako wanakungoja Waganda wa St. Mary's Kitende, shule yenye uhusiano wa karibu na klabu ya Vipers.

Sasa mwalimu mkuu anayetaka kufika huko hawezi kungoja bahati ya fomu za kujiunga na shule. Anatuma watu watazame mechi za zoni. Wakimwona kijana wa shule ya kutwa anapiga chenga akiwa na njumu zilizoshonwa kwa waya, wanauliza jina la baba yake. Chema chajiuza, wahenga walisema. Si ajabu.

Pia tukubali kwamba kuna wanaofaidika, na faida yenyewe si ndogo. Karo iliyotangazwa kwa shule za bweni za kitaifa ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Mzazi wa hapa anategemea pojo, na pojo zenyewe zinategemea mvua ya Novemba, na mvua ya Novemba haimtegemei mtu. Hesabu mwenyewe ni mbuzi wangapi watakaotoka bomani kwa miaka mitatu. Mtu akija akasema, "Mtoto wako atasoma bure kwa sababu ya miguu yake," mzazi huyo atakataaje? Mimi singekuwa na uso wa kumwambia akatae.

Na mpira wa shule umewatoa watu. Victor Wanyama alisoma Kamukunji, Nairobi, akaenda Ulaya akiwa kijana mdogo wa 2007, na baadaye akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alipojiunga na Southampton 2013. Michael Olunga alipitia Upper Hill, na kabla ya kwenda ng'ambo alikuwa pia anasomea chuo kikuu. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Wasichana nao wasisahauliwe. Timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17 ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza ya Kenya ya kandanda kufika Kombe la Dunia la umri wowote, kule Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, na wakaifunga Mexico 2-1. Hao walikuwa watoto wa shule kama sisi. Walikuwa bado wanaandikiwa ripoti za muhula!

Kwa hiyo wale wanaotaka kuwafungia wachezaji wetu hapa kama kuku waliofungwa kamba mguuni, mimi siko nao.

Lakini sasa geuzeni ukurasa mtazame upande wa pili.

Kuna mwenzetu mmoja, jina lake naliweka, aliyechukuliwa mwaka 2025 tukiwa kidato cha pili. Shule iliyomchukua nayo naiweka, maana nia yangu si kumchafulia mtu jina. Aliahidiwa karo yote, sare, godoro na njumu. Njumu alipewa siku ile ile. Akacheza vizuri, tukasikia habari zake, tukajivuna. Kisha goti likageuka katika mechi moja ya mazoezi. Muhula wa tatu ulipoanza, jina lake lilisomwa pamoja na majina ya wenye madeni ya karo. Baba yake alipanda matatu akaenda kuuliza. Akaambiwa mwalimu aliyetoa ahadi amehamishwa, na katika faili hakuna barua yoyote. Mzee alirudi na mwanawe, na deni, na goti. Hadi tunaandika gazeti hili, karatasi zake bado ziko kule zikingoja deni lilipwe.

Si kila shule inafanya hivyo. Nimesikia ya wengine waliotunzwa hadi mtihani wa mwisho na wakatafutiwa hata nafasi ya chuo. Lakini swali langu ni hili: kama mwenzetu angekuwa na karatasi moja tu yenye sahihi, je, yangempata haya? Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtoto wa mtu ni zaidi ya mali.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawajalifikiria. Sisi kidato cha tatu cha mwaka huu wa 2026 ndio wa mwisho wa 8-4-4. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Mwaka 2025 hakuna aliyeingia kidato cha kwanza, na mwaka huu wameingia ndugu zetu wa Gredi ya 10. Maana yake ni nini? Zamani mchezaji akiumia, au akifukuzwa karo, angeweza kurudi nyuma kidato kimoja akajipanga upya. Sisi tukianguka, nyuma yetu hakuna kidato. Mwaka 2027 hapatakuwa na kidato cha tatu popote nchini. Kwa hivyo ahadi ya mdomo kwa mwanafunzi wa kidato chetu ni hatari kuliko ilivyokuwa kwa kaka zetu.

Na mambo hayo hayo yanagusa kikosi. Wale mabingwa wa kupiga hesabu za timu, njoni tupige hii. Shule yetu sasa ina madarasa matatu badala ya manne: Gredi ya 10, kidato cha tatu na kidato cha nne. Timu yetu ina wachezaji 18. Kumi wako kidato cha nne, watano kidato cha tatu, watatu Gredi ya 10. Mwaka ukiisha, kumi wanaondoka na KCSE yao. Wanabaki wanane. Sasa watokee watu wa bweni wachukue watatu tu, wanabaki watano. Hao ni wa kucheza kati, siyo wa kucheza mechi! Mwaka 2027 tutajaza pengo na Gredi ya 10 ambao hatujawaona hata wakipiga danadana.

Wapenzi wa timu wanalia mabao. Mimi nalia na daftari la basa pia. Serikali imepanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na zinapangwa kwa idadi ya waliosajiliwa. Mwanafunzi akihamishwa kwenye mtambo wa wizara, hesabu yake inahama naye. Wakiondoka kumi, shule ndogo kama yetu imepungukiwa na shilingi 222,440 kwenye makaratasi. Hizo ni chaki, ni vifaa vya maabara, ni mipira. Ndiyo sababu uwanja wetu una magoli ya miti.

Kuna wale watakaosema, "Wewe kijana, mbona unasumbuka? Mtaala mpya umeshatatua." Ni kweli kwa kiasi fulani. Sasa mwanafunzi wa Gredi ya 9 anachagua mkondo, na mmoja wa mikondo mitatu ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Anayependa mpira anachagua shule inayofundisha mkondo huo, anaandika kwenye fomu, mzazi anaona, mwalimu anaona. Hilo nalisifu kwa sababu liko wazi. Lakini shule nyingi za kutwa kama yetu hazina mkondo huo, na wale wanaochukuliwa katikati ya safari, baada ya kuonekana kwenye mechi, bado wanachukuliwa kwa mdomo tu.

Wengine watasema chama cha michezo cha shule za sekondari kina kanuni zake. Kinazo, tena ni nzuri. Kanuni hizo huuliza: huyu ana umri gani? Ni mwanafunzi halali wa shule hii? Lakini maswali hayo yanailinda mechi. Hakuna anayeuliza: huyu akivunjika mguu, nani atamlipia? Timu ikitolewa kwenye kaunti, ataendelea kula chakula cha shule?

Tutazame wenzetu wa mbali kidogo. Marekani, vyuo vikuu hutafuta wachezaji wa mpira wao ule wa mikono kama sisi tunavyotafuta maji wakati wa kiangazi. Mashabiki huko hukesha wakijadili ni kijana gani wa sekondari ataenda chuo gani na mwaka ujao watapangwa na nani. Sisi Wakenya tunaujua mlango huo, ingawa tuliuingilia kwa riadha. Henry Rono wa Nandi alichukuliwa na Washington State University mwaka 1976, na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Paul Ereng alikuwa mwanafunzi wa University of Virginia aliposhinda dhahabu ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Hao walisajiliwa, wakapewa masomo.

Lakini huko jambo hili halifanywi kwa kunong'onezana nyuma ya choo. Kuanzia 1964 hadi 2024 kulikuwa na barua maalumu ambayo kijana aliitia sahihi pamoja na mzazi, na chuo kikajifunga kumpa msaada wa masomo. Barua hiyo ilipoondolewa, mahali pake pakachukuliwa na mkataba wa msaada wa masomo. Anayetaka kuhama chuo, tangu 2018 jina lake huingizwa kwenye orodha ambayo vyuo vyote vinaiona. Sikusema kila kitu chao ni kizuri. Pesa zimeingia nyingi, na tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kuna wanaohama kila mwaka kama nyuki. Hata hivyo, pamoja na fujo yote hiyo, kuna karatasi. Kama wenye mabilioni wanahitaji karatasi, je, sisi wa magoli ya miti?

Pengine mtauliza mimi hili linanihusu nini. Linanihusu. Mimi ni mmoja wa wale watano wa kidato cha tatu. Baada ya mechi yetu moja mwaka huu bwana mmoja alinijia, akanisifu, akaniambia shule yake inahitaji beki wa kushoto. Karo bure, chakula bure, kila kitu bure. Nilimjibu kwa adhabu, samahani, kwa adabu: "Mwalimu, nashukuru. Naomba uniandikie barua nimpelekee mama." Akacheka. Akasema, "Kwani huniamini, kijana?" Nikamwambia, "Nakuamini mwalimu, lakini mama hakuwa hapa kukusikia." Akasema atarudi. Tangu siku hiyo sijamwona.

Mama aliposikia alihuzunika kidogo, siwezi kuficha. Kwake yeye karo ya bure ni mvua. Aliniambia, "Mwanangu, nafasi haibishi hodi mara mbili kwa maskini." Nikamwambia, "Mama, kama ni yetu itarudi na barua." Bado tunangoja. Akija na barua nitakwenda, nawaambia wazi ili mtu asije akaniita msaliti. Asipokuja, mtaniona hapa hapa mwaka wa 2027 upande wa kushoto.

Basi mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, mchezaji asihame bila barua yenye sahihi nne: ya mwalimu mkuu anayemchukua, ya mwalimu mkuu anayemwachilia, ya mzazi na ya mchezaji mwenyewe. Barua iseme karo italipwa hadi lini. Mimi nasema hadi mtihani wa mwisho, siyo hadi mechi ya mwisho.

Pili, barua iseme habari ya kuumia. Mguu ulioumia katika jezi ya shule utibiwe na shule yenye jezi, na mwanafunzi aendelee kusoma hata kama hatapiga mpira tena.

Tatu, uhamisho uwe Januari tu. Kumng'oa mtoto katikati ya muhula ni kumharibia masomo na kutuharibia timu. Na aliye kidato cha nne aachwe kabisa amalize mtihani wake kwa amani.

Nne, shule anayotoka mchezaji isiachwe mikono mitupu. Siombi pesa. Waje mara moja kwa mwaka na kikosi chao kizima wacheze nasi mechi ya kirafiki hapa Kanyangi, na wakiondoka watuachie mipira miwili. Wadogo zetu wawaone kaka zao kwa macho, wajue njia iko.

Tano, na hili ni letu wenyewe. Tuache kulia tu. Shule ya msingi na ya sekondari ndogo ziko karibu nasi, na watoto wao wanacheza mpira wa makaratasi kila jioni. Timu yetu iwachukue Jumamosi mbili kwa mwezi, iwafundishe. Tuwe na daftari la wachezaji: nani, gredi gani, namba gani, anamaliza lini. Mtu akichukuliwa, tuwe tayari tunamjua atakayeingia nafasi yake. Asiyekuwa na daftari atashangaa kila mwaka.

Najua kuna atakayesema barua zitawatisha wafadhili na vijana maskini watakosa nafasi. Nami namjibu hivi: anayekuja na nia njema haogopi kalamu. Wale watakaotishwa na karatasi moja ndio wale wale ambao wangemrudisha mtoto nyumbani na deni. Kuwakosa hao si hasara.

Walimu wetu, nawaomba mlipeleke jambo hili kwenye mkutano wenu wa michezo wa zoni. Hatuhitaji sheria ya Bunge. Walimu wakuu kumi wakikubaliana kwamba hawamwachilii mchezaji bila barua, mwaka mmoja tu utatosha kuwafunza wanaokuja na gari.

Nanyi wenzangu wa maneno mengi wakati wa muthokoi, mchezaji akiaga kwa barua, msimtukane. Mwaka ujao tunaweza kupangwa naye kwenye kaunti akiwa na jezi ya watu. Tumpigie makofi akiingia uwanjani, maana ni wetu. Kisha tumfunge mabao.